Stepu ya mazoezi isiyopinduka

Stepu, kile kijukwaa cha mazoezi ya kupanda na kushuka, ya kwanza niliyoitengeneza ilirudishwa siku ya tatu. Mteja, mama mmoja aliyeshauriwa afanye mazoezi ya kupunguza uzito, aliishusha kwenye bajaji pale karakanani kwetu Keko, Dar es Salaam, akasema, "Fundi, kitu chako kinanirusha."

Nikaikagua. Mninga safi, nimeipiga msasa mpaka inateleza kama sahani, vanishi inang'aa. Miguu minne nilikuwa nimeiingiza ndani kidogo kama ninavyofanya kwenye stuli za sebuleni, ubao wa juu utokeze, ipendeze. Nikapanda katikati, ikatulia tuli. "Sasa kanyaga pembeni kama mimi," akasema. Nikakanyaga pembeni. Upande wa pili ukanyanyuka, nikabaki narukaruka kwa mguu mmoja mbele ya vijana ninaowafundisha kazi.

Anayekaa kwenye stuli huweka uzito wake katikati na kutulia. Anayepanda stepu hukanyaga popote, hasa akishachoka, tena kwa mguu mmoja, mara ishirini na zaidi kwa dakika. Kipande chochote cha ubao kinachotokeza nje ya miguu kinageuka kuwa bembea. Kwa hiyo siku hizi stepu zangu hazina miguu kabisa. Ni fremu, na ubao wa juu unaishia pale pale fremu inapoishia, hauzidi hata nusu sentimita.

Ukitaka kujitengenezea nyumbani, mbao moja ya 2x4 ya futi 12 inatosha. Kata vipande viwili vya sentimita 100 kwa ajili ya urefu, na vinne vya sentimita 31 vya kukatiza: viwili vya mwisho, viwili vya katikati. Kitabaki kipande kisichofika nusu mita, usikitupe. Vya kukatiza vikikaa katikati ya vile virefu, vyote vikisimama kwa ubavu wake mwembamba, unapata upana wa kama sentimita 40, unaotosha unyayo mzima kuanzia kisigino. Juu weka plaiwudi ya milimita 18. Usinunue shiti nzima ya futi 8 kwa 4, maana inatoa stepu sita, hata saba. Omba mabaki dukani.

Misumari sahau. Mtikisiko wa miguu huivuta nje kidogo kidogo mpaka siku moja kichwa kinachungulia, na unakanyaga peku. Tumia skurubu za inchi 3 au zaidi, mbili kila kiungo, pamoja na gundi ya mbao. Toboa kwanza kwa drili, kwa sababu hapo skurubu inaingia kwenye kichwa cha mbao, sehemu inayopasuka upesi na kushika vibaya kuliko ubavuni. Gundi iache ikauke usiku kucha.

Urefu wa kwenda juu ndiyo watu wanabishana nami. Kijana mmoja alitaka sentimita 50 kwa kuwa aliona kwenye simu kipimo cha Harvard. Kipimo hicho ni kweli kipo: kilitolewa mwaka 1943, cha inchi 20, unapanda mara 30 kwa dakika kwa dakika tano. Lakini kilitungwa kupimia jinsi moyo wa vijana wa kiume unavyohimili kazi nzito, si cha mtu wa kuruka na muziki sebuleni kila asubuhi. Hata kile cha YMCA, chama cha vijana Wakristo, cha dakika tatu kinatumia inchi 12 tu. Mazoezi ya stepu yenyewe yalipata umaarufu Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980 kupitia Gin Miller, mwalimu wa mazoezi aliyeanza kupanda na kushuka ili kuponya goti lake. Goti ndilo liamue. Ukiweka mguu juu, paja lisipande kupita pale linapokuwa sambamba na sakafu. Anayeanza namwekea sentimita 10 hivi, na mara chache nimevuka 20.

Fremu ya 2x4 iliyopigwa randa, ukijumlisha plaiwudi, inakupa kama sentimita 11. Ukizoea, tengeneza fremu nyingine ya 2x2 yenye vipimo vile vile uiweke chini, unafika 16. Ya pili inakufikisha 20. Zisiachwe zimelaliana tu, zitateleza. Mimi huchomeka vigingi vinne vya mbao ngumu kwenye pembe za fremu ya chini, vinaingia kwenye matundu ya ile ya juu.

Kuhusu mbao, paini inatosha na ni nyepesi kubeba, lakini nyingi huuzwa bado ina maji. Ipange ndani, penye hewa, kwa wiki kadhaa, ukiweka vijiti kati ya mbao na mbao. Ukiunga mbichi itajipinda, na stepu iliyojipinda hucheza kwenye tailizi hata kama viungo ni vizima. Ikicheza, bonyeza pembe mojamoja ujue zipi mbili zinazogusa sakafu, uzipige randa taratibu. Usiweke kikaratasi chini ya pembe nyingine, tafadhali.

Juu usipake vanishi. Jasho likidondoka pale ni kama ganda la ndizi. Marine bodi, ile nyeusi ya kumwagia zege, ina uso unaoteleza hata ikiwa kavu, wala usidanganywe na uimara wake. Gundisha zulia la mpira, au paka rangi na kabla haijakauka nyunyizia mchanga laini uliochekechwa, kisha rangi tena juu yake. Ukikosea ukaweka mchanga mnene utachubua magoti siku ya pushapu. Chini bandika vipande vya tyubu ya gari. Ndala zilizokufa watu huzipenda kwa kazi hiyo, ila zikishasuguka zikawa laini huteleza zenyewe.

Yule mama nilimtengenezea nyingine bila kumdai senti. Alipokuja kuichukua hakuuliza mbao gani. Aliiweka sakafuni, akavua viatu, akakanyaga pembe zote nne, moja baada ya nyingine, ndipo akaita bajaji.