Hawataki Kazi, au Hawataki Ujira Huo?

Mwishoni mwa mwaka 2021 mashine za kutoa risiti katika maduka na migahawa, nyingi zikiwa Marekani, zilianza kutema karatasi zisizo na bei wala jina la bidhaa. Ujumbe ulikuwa wa wafanyakazi wenyewe: je, unalipwa chini ya unavyostahili? Ukawakumbusha kwamba sheria inawaruhusu kuambiana mishahara yao. Karatasi nyingine iliuliza inakuwaje McDonald's ya Denmark imlipe mhudumu dola 22 kwa saa na bado iuze mkate wake wa nyama kwa bei ya chini kuliko Marekani, kisha ikajijibu: vyama vya wafanyakazi. Mashine hizo zilikuwa zimeunganishwa na intaneti bila ulinzi, na watu wasiojulikana walizitumia kama kipaza sauti.

Karatasi zile zilifungamana na vuguvugu la mtandaoni la kupinga kazi. Lilianza mwaka 2013 kama kijikundi cha watu walioamini kwamba ajira yenyewe, kwa jinsi ilivyo leo, haifai na inapaswa kuondolewa. Korona ilipoingia likafurika watu wengine kabisa: wahudumu wa migahawa, wapakuaji wa maghala, wauza maduka. Kufikia mwanzoni mwa 2022 wafuasi walikuwa wamepita milioni 1.5. Wengi wa hawa wapya hawakuwa na ugomvi na kazi. Walikuja na picha za hati zao za malipo na ujumbe wa mabosi wao wakiwaita kazini siku ya mapumziko.

Naandika haya kwa sababu video fupi zenye ujumbe wa aina hiyo sasa zinazunguka katika simu za vijana wetu pia, na kwa sababu katika mafunzo ya mahusiano kazini tunayoendesha nasikia swali lilelile kutoka kwa waajiri na wazazi: hawa watoto wa siku hizi wana nini, mbona hawataki kazi? Kabla ya kulijibu, tuangalie Marekani ilikotokea, kwa kuwa huko takwimu zipo na zinasema.

Kima cha chini cha shirikisho la Marekani ni dola 7.25 kwa saa, na hakijaguswa tangu Julai 2009. Anayelipwa hicho, akifanya kazi saa 40 kila wiki bila kukosa hata wiki moja, mwisho wa mwaka anapata dola 15,080. Majimbo mengi yana kiwango cha juu zaidi, hilo tuliseme wazi. Lakini mhudumu wa mezani anayetegemea bakshishi, katika majimbo yanayofuata kiwango cha shirikisho, mwajiri anaweza kumlipa dola 2.13 tu kwa saa, kiwango cha mwaka 1991, ilimradi bakshishi za wateja zijaze pengo lililobaki. Zisipojaza, mwajiri ndiye anayepaswa kuongezea. Mtu huyo ndiye aliyeitwa mfanyakazi muhimu mwaka 2020, alipotakiwa abaki kwenye kaunta huku wengine wakijifungia nyumbani.

Mwaka uliofuata madirisha ya migahawa yakajaa matangazo ya kuwaomba wateja wavumilie kwa kuwa eti hakuna anayetaka kufanya kazi. Novemba 2021 peke yake Wamarekani milioni 4.5 waliacha kazi kwa hiari, na sekta ya hoteli na migahawa ndiyo iliyoongoza kwa kiwango cha kuacha. Ukiishia hapo unaweza kusema kweli uvivu umeingia. Ila katika mwezi huohuo watu milioni 6.7 waliajiriwa. Watu walikuwa wanahama, wakitoka penye ujira mdogo kwenda penye nafuu. Wachumi David Autor, Arindrajit Dube na Annie McGrew walionyesha baadaye kwamba katika kipindi hicho mishahara ya walio chini ilipanda kwa kasi kuliko ya walio juu, jambo ambalo Marekani haikuwa imezoea kwa miaka mingi.

Kulikuwa pia na hoja kwamba posho ya serikali ya dola 300 kwa wiki kwa wasio na ajira ndiyo iliyowalaza watu. Majimbo kama 25 yakaikata mapema, katikati ya 2021, yakitegemea watu warudi makazini mbio. Watafiti waliofuatilia akaunti za benki za waliokatiwa waligundua kwamba kwa kila watu 8 waliopoteza posho, ni mmoja tu aliyepata kazi kutokana na hatua hiyo. Kwa wastani waliokatiwa walipunguza matumizi yao. 

Kisha, Januari 2022, mmoja wa wasimamizi wa vuguvugu akakubali mahojiano kwenye televisheni ya Fox News. Akaulizwa anafanya kazi gani, akajibu kwamba hutembeza mbwa wa watu, saa chache kwa siku. Mtangazaji akacheka waziwazi, na nusu ya intaneti ikacheka naye. Vuguvugu likagawanyika ndani ya siku moja: wafuasi wengi walikasirika kwamba mtu asiyewawakilisha ametangulia kuwasemea, na hoja za mishahara zikazama chini ya kicheko. Mimi kilichonivutia ni kicheko chenyewe. Kutembeza mbwa ni kazi. Kuna anayeihitaji na yuko tayari kuilipia. Kama ujira wa chini ni aibu, aibu ni ya nani, ya anayelipwa au ya anayelipa? Watu waliodai wanatetea heshima ya kazi walikuwa wanamcheka mtu kwa sababu ya kazi yake. (Jina la vuguvugu nalo liliwaponza. Ukijiita wapinga kazi, usishangae wasikilizaji wasipofika kwenye sentensi ya pili.)

Na huko kuna somo ambalo video fupi haiwezi kulibeba. Oktoba 5, 2021 wafanyakazi wapatao 1,400 wa viwanda vinne vya nafaka vya Kellogg's, kikiwemo cha Battle Creek, Michigan, waligoma. Kilichowaudhi zaidi ni utaratibu wa madaraja mawili: wafanyakazi wapya walifanya kazi ileile, kwenye mstari uleule wa uzalishaji, kwa ujira na marupurupu madogo kuliko wakongwe. Desemba kampuni ikatangaza kwamba itaajiri watu wa kudumu kuchukua nafasi zao. Hapo wale wa mtandaoni wakafanya walichokuwa na uwezo nacho: walijaza tovuti ya kuombea kazi kwa maombi ya uongo mpaka ikalemewa. Lilikuwa tendo la kufurahisha, na lilitia moyo. Lakini aliyekaa mezani na kampuni ni chama cha wafanyakazi, na waliosimama kwenye baridi nje ya lango kwa wiki 11 ni wanachama wake. Desemba 21 mkataba mpya ukapitishwa, ukiwa na nyongeza ya mishahara na njia ya wale wa daraja la chini kupanda.

Denmark iliyotajwa kwenye risiti inasema jambo hilohilo kwa sauti kubwa zaidi. Wengi hudhani nchi ile ina sheria kali ya kima cha chini. Haina kabisa. McDonald's ilipofungua mlango huko mwaka 1981 ilikataa kufuata mkataba wa pamoja wa sekta ya migahawa. Mvutano ukaendelea hadi mwishoni mwa muongo, vyama vya sekta nyingine vilipoingilia kati: wapakuzi wa bandarini wakagoma kushusha makontena yake, wachapaji wakakataa kuchapa vikombe vyake, madereva wakakataa kupeleka mizigo. Kampuni ikakubali mkataba. Dola 22 za kwenye risiti zilitokana na hayo.

Turudi kwetu, kwa sababu lawama ya uvivu tunaijua tangu zamani. Utumwa ulipofutwa Zanzibar mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, wenye mashamba walilalamika kwamba waliokuwa watumwa hawataki kazi. Walikuwa wanalima, tena sana, ila kwenye vikonde vyao na kwa saa zao. Serikali ya kikoloni nayo ilitoza kodi ya kibanda, kwa sababu mojawapo kwamba kodi ingemlazimisha Mwafrika atafute kibarua. Januari 13, 1947 Mombasa ikasimama. Wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandarini, wa reli, hata watumishi wa majumbani, waliacha kazi kwa siku 12 hivi wakidai ujira unaolingana na bei za baada ya vita. Walikutana kila siku kwenye uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Kiongozi aliyeibuka pale, Chege Kibachia, alikamatwa mwezi Agosti na kupelekwa uhamishoni. Ila baraza la usuluhishi lilikwisha kuundwa na mishahara ya baadhi yao ikapandishwa. Kila mmoja angerudi kijijini kwake kimyakimya, gazeti la siku ile lingeandika tena kwamba Mwafrika mvivu.

Leo ujumbe wa kupinga kazi unatufikia ukiwa umevaa suti. Ni yule mhamasishaji wa jukwaani anayesema kuajiriwa ni utumwa, andika barua kesho, ujiajiri. Nimewahi kutazama kwa makini jukwaa moja la namna hiyo: nyuma ya mzungumzaji kulikuwa na wapiga picha, wakata tiketi, wasichana wa kugawa maji. Wote wameajiriwa naye.

Mmarekani aliyeacha kazi mwaka 2021 aliacha huku soko likimgombania. Kijana wa Mbagala, Dar es Salaam, au Kayole, Nairobi, anayeacha kazi ya dukani nyuma yake wapo thelathini wanaosubiri, na hana akiba. Ndiyo maana anavumilia, na uvumilivu wake sisi tunausoma kama ridhaa. Akilalamika tunamrushia methali, mchagua jembe si mkulima. Mkulima gani asiyekagua jembe lenye mpini uliovunjika?

Chukua mfano ulio karibu kuliko wote, dada wa kazi. Anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwaandaa watoto wa shule, analala saa tatu usiku vyombo vikishakauka. Hizo ni saa 16. Kwa siku 26 ni saa 416 kwa mwezi. Amri ya kima cha chini ya Tanzania ya mwaka 2022 ilimwekea mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri Sh 60,000 kwa mwezi. Gawanya: ni Sh 144 kwa saa, bei isiyofikia hata andazi moja mahali pengi mjini. Na kuna nyumba ambazo hiyo 60,000 hailipwi, au inatumwa kwa mjomba aliyemleta. Mama mwenye nyumba akiamka siku moja akakuta dada kaondoka usiku na begi lake, jibu analo tayari kwa majirani: hawa wasichana hawataki kazi. Viwango hivi hupitiwa upya mara kwa mara, kwa hiyo uliza ofisi ya kazi ya mkoa wako kiwango cha sasa kabla ya kukubaliana na mtu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inamhusu dada huyo kama inavyomhusu karani wa benki. Inaweka saa 45 kwa wiki na zisizozidi 9 kwa siku. Saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28 yenye malipo. Anayefanya naye mkataba wa mdomo bado amefunga mkataba, na mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kumpa maelezo ya maandishi ya masharti ya kazi.

Kwa anayefikiria kuacha, mambo mawili yanawaponza wengi. La kwanza ni fao la kukosa ajira la mfuko wa hifadhi ya jamii, lililochukua nafasi ya fao la kujitoa mwaka 2018. Linalipa theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6 kwa mwanachama aliyechangia walau miezi 18, ila aliyeacha kazi kwa hiari yake hahesabiwi. Yule aliyesikiliza jukwaa akaandika barua kwa hasira hugundua hilo akiwa kwenye dirisha la mfuko. La pili ni kwamba sheria inatambua kuacha kazi kwa kulazimika: kama mwajiri amefanya kazi isivumilike, kwa matusi, kutolipa au unyanyasaji, kuacha kwako kunaweza kuhesabiwa kuwa umeachishwa. Hapo barua ya kuacha ndiyo ushahidi wako wa kwanza, kwa hiyo iandike sababu halisi na tarehe zake, usiandike "sababu za kifamilia" ili kumfurahisha bosi.

Baada ya mwezi wa kwanza kazini, anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya walau siku 28. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki, siku 4. Ukiondoka dai cheti cha utumishi. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa fomu namba 1 ndani ya siku 30, na madai mengine, kama mishahara ambayo haikulipwa, ndani ya siku 60. Wakiwa watano wenye dai moja dhidi ya mwajiri mmoja, waende siku moja.