Idi ina d moja

Kila Ramadhani inapofika kumi la mwisho, mabango, kadi na matangazo hujaa kwenye meza yetu ya uhariri, na kila mwaka tunasahihisha neno lilelile. Iddi. Idd. Id. Eid. Tangazo moja lilikuwa na maumbo matatu. Mwenyewe alisema ameona bora amridhishe kila mtu.

Umbo sanifu ni Idi. Wanaoshikilia d mbili hudai ndivyo Kiarabu kilivyo. Sivyo. Kiarabu kina dali, yaani herufi ya d, moja tu hapo. Kinachovutwa ni irabu, si d. Na "Eid" ni tahajia ya Kiingereza, tuwaachie wenyewe. Neno hili latokana na mzizi wenye maana ya kurejea, kwa kuwa siku yenyewe hurejea kila mwaka. Ndugu yake tunaye siku nyingi: ada.

Katika Idi ya Fitri, fitri ni kufungua saumu, mzizi mmoja na futari. Ndiyo maana mwezi unaofuata Ramadhani huitwa Mfunguo Mosi, na Idi ni siku yake ya kwanza. Penye tabu hasa ni Idi ya pili, ya tarehe 10 Mfunguo Tatu. Watu huandika "Idi ya Adha", kisha wanatuuliza imekuwaje sikukuu ikaitwa ya maudhi. Haikuitwa hivyo! Kwa Kiarabu ni maneno mawili, herufi mbalimbali: moja la kuchinja, jingine la kero. Kiswahili kimeyatia yote kwenye dh, yakafanana. Anayeogopa mkanganyiko aandike Idi ya Kuchinja, au Idi Kubwa kama wengi wasemavyo.

Kuhusu utaratibu: matini yenye maumbo mchanganyiko hurudishwa yote, si ukurasa wenye kosa peke yake, na hairudi na muhuri wa kupitishwa. Mhusika husahihisha, huambatisha nakala ya awali yenye alama zetu, kisha hupanga foleni upya. Asipoambatisha nakala hiyo, hurudishiwa tena. Kuandama kwa mwezi hakuharakishi kazi hii, kwa hiyo leteni mapema.

Majina ya watu ni suala jingine. Aliyeandikwa Iddi kwenye cheti cha kuzaliwa atabaki Iddi, hata akitajwa ndani ya habari ya Idi. Mhariri asimguse.