Kilomita 400 za Japani ni ngapi hapa Malindi?

Kazi yangu ni kukagua gari za umeme, na wengi mnaonitumia matangazo kutoka Japani swali lenu ni moja tu, hii kweli yaenda kilomita 400? Basi leo nieleze vizuri, manake pesa mnazotaka kutuma si kidogo.

Chukueni Nissan Leaf ya betri ya uniti 40, uniti hizi hizi za tokeni ya stima. Gari ni hiyo hiyo, lakini kipimo cha zamani cha Japani, JC08, kiliipa kilomita 400, WLTP ya Ulaya 270, EPA ya Marekani 243. Hakuna aliyedanganya hapo. JC08 wastani wake ni kama kilomita 24 kwa saa na haipiti 82, mwendo wa mjini huo, na gari ya umeme yaupenda sana kwa vile ukishika breki umeme unarudi betrini. WLTP wastani ni 46 na inafika 131, nao Wamarekani wakishapima kwa kawaida wanakata karibu asilimia 30 ndio ifanane na barabara. Mimi naanza na namba ya Marekani, hizo zingine siziangalii.

Sasa kwetu pwani baridi hatuna, tunaliwa na spidi. Mpaka Mombasa ni kama kilomita 120, ukienda 80 mambo sawa, ukikanyaga 100 ule upinzani wa hewa unaongezeka zaidi ya nusu, na upepo wenyewe una upande, wakati wa kaskazi kazi iko ukirudi Malindi, kusi ikiingia kazi iko ukienda. AC watu waiogopa bure, barabarani inakula kidogo, ila foleni ya Mtwapa ikikushika inakula uniti na wewe hujasogea.

Lakini naomba mnisikize sana kwa umri wa betri. Leaf hii ya 40 haina maji ya kupoza betri, na joto ndilo linaloizeesha. Washa gari uangalie pembeni mwa geji ya betri, kuna vistari vidogo 12, sio vile vikubwa vya chaji. Vidogo vikishapotea havirudi hata uchaji usiku kucha. Vikibaki 9, hiyo betri ya 40 ihesabu kama 28 hivi, ukipata kilomita 6 kwa uniti ni 168, toa na akiba, yaani Mombasa wafika lakini kurudi lazima uchaji.

Kwa hivyo kabla hujatuma pesa mwambie muuzaji akupigie picha ya hiyo geji gari ikiwa imewaka, na kama anayo LeafSpy, ile app ya simu ya kusoma betri ya Leaf, akuonyeshe afya ya betri humo. Zile kilomita zilizobaki kwenye dashibodi usizitegemee, gari inapiga hesabu kwa vile ilivyoendeshwa karibuni, ikizungushwa yadi polepole itakuandikia namba kubwa tu.