Kutyuni Nairobi gari litakaloshuka Mombasa: mchanganyiko ukikanyaga mafuta mpaka mwisho

Injini ya petroli isiyo na tabo (turbo, feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) hutoa nguvu zake zote lamda (kipimo cha hewa kwa petroli, ambapo 1.00 ni hewa inayotosha kabisa kuchoma petroli yote) ikiwa kati ya 0.86 na 0.90, yaani gramu 12.6 hadi 13.2 za hewa kwa kila gramu ya petroli. Yenye tabo mimi huipeleka 0.78 hadi 0.80. Hapo nguvu haziongezeki sana, ila petroli ya ziada hupooza chumba cha moto na kuzuia injini isigonge (mchanganyiko kulipuka wenyewe ndani ya silinda). Namba hizi karibu kila fundi wa tyuni anazijua. Shida ni kwamba gari likityuniwa Nairobi, namba hizo umezithibitisha kwa presha ya hewa ya Nairobi tu, na jedwali la kompyuta lina safu ambazo injini haijawahi kuzigusa.

Nairobi iko karibu mita 1,700 hadi 1,800 juu ya bahari. Presha ya hewa hapo ni kilopaskali 82 au 83, wakati Mombasa ni 101. Injini isiyo na tabo, ukiikanyaga mpaka mwisho, itakuonyesha takriban kilopaskali 80 kwenye manifoldi (bomba linaloingiza hewa kwenye silinda). Haitaonyesha 90 wala 100 hata ukipanda nayo mlima siku nzima. Kwa kompyuta inayokadiria hewa kwa sensa ya MAP (inayopima presha ya manifoldi), safu zote za juu ya 80 zimebaki na namba za kubahatisha, au namba zilizokuja na programu.

Kabla ya kufika huko, kuna kazi ya msingi. Sensa ya lamda iwe ya waidibendi (inayopima lamda kwa upana, si karibu na 1.00 tu), kama Bosch LSU 4.9, ifungwe nusu ya juu ya bomba la ekzosi, ikiinama angalau digrii 10 kutoka ulalo ili maji ya mvuke yasiingie ndani yake. Kwenye gari la tabo ikae baada ya tabo, kama sentimita 60 mbele. Usiiache bila umeme huku injini inanguruma, maana masizi huiua haraka. Halafu pima presha ya mafuta kwa geji, si kwa kusikiliza pampu. Ukichomoa mpira wa vakyumu, reli nyingi (mabomba yanayogawia nozeli petroli) zinazorudisha mafuta kwenye tangi husoma karibu baa 3. Mpira ukiwa mahali pake, ukikanyaga mpaka mwisho, tofauti kati ya presha ya reli na ya manifoldi inapaswa kubaki ile ile hadi mizunguko ya mwisho. Ukiona lamda ni nzuri kwa mizunguko 4,000 kwa dakika kisha inapanda taratibu kuelekea 7,000 na presha ya reli inashuka nayo, acha laptopu. Hilo ni filta, pampu, au waya wa pampu unaopoteza volti. Ukiongeza petroli kwenye jedwali unaficha ugonjwa, na pampu ikizidi kuchoka mchanganyiko utapwaya tena, yaani petroli itapungua.

Hitilafu ya pili ni kumisi. Silinda isiyowaka hutoa petroli yake pamoja na oksijeni yake yote, na sensa huhesabu oksijeni. Kwa hiyo gari linalomisi kwa sababu petroli imezidi husomeka kana kwamba petroli imepungua. Fundi anaongeza, linamisi zaidi, lamda inapanda zaidi, naye anaongeza tena. Dalili yake ni mstari wa lamda wenye miba: unaruka kutoka 0.80 hadi 1.00 na kurudi kwa muda mfupi sana. Mchanganyiko uliopwaya kweli hupanda kwa mstari laini. Ukiona miba, angalia plagi na koili kwanza. Kwa injini ya tabo mimi hubana mwanya wa plagi uwe milimita 0.7, kwa sababu cheche hupata taabu kuruka presha ikiwa kubwa.

Sasa kukimbiza gari kwenyewe. Kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu gari likikimbia papo hapo) tumia gia yenye uwiano wa karibu 1:1, mara nyingi ya nne. Maji ya injini yawe yamefika digrii 80 hadi 95. Anza mizunguko 2,500, kanyaga mpaka chini, achia ukifika kikomo. Taimingi (wakati wa cheche kuwaka) iwe imerudishwa nyuma kwanza. Hakuna sababu ya kutafuta mchanganyiko huku pistoni zinahatarishwa. Huna daino? Basi tafuta barabara iliyofungwa, na anayeendesha asiwe ndiye anayetazama skrini.

Hesabu ya kusahihisha ni fupi. Gawanya lamda uliyoisoma kwa lamda uliyoitaka, kisha zidisha na namba iliyo kwenye jedwali la VE (asilimia ya silinda inavyojaa hewa). Umesoma 0.93, ulitaka 0.87, jibu ni 1.069, kisanduku kilichokuwa na 88 kinakuwa 94. Kabla hujakigusa, kumbuka kwamba moshi huchukua muda kufika kwenye sensa, na sensa yenyewe ina ucheleweshaji wake. Kama jumla ni sekunde 0.2 na injini inapanda mizunguko 1,000 kwa sekunde, usomaji ulioandikwa kwenye 5,000 ni wa 4,800. Wanaosahau hili husahihisha kisanduku kisicho na kosa, na lile shimo linahama badala ya kuzibika. Mbio ya polepole kwa gia kubwa hupunguza tatizo.

Ukimaliza hapo, Nairobi umeikamilisha, kwa masharti mawili. Sharti la kwanza, angalia jedwali la malengo ya lamda. Programu nyingi za kuanzia zimeandikwa kwa watu wa usawa wa bahari, nazo huanza kudai petroli ya nguvu kuanzia kilopaskali 85 au 90. Nairobi gari halifiki huko kamwe, kwa hiyo unakanyaga mpaka chini na kompyuta bado inalenga 1.00 kama vile unaendesha foleni ya Thika Road. Mwenye gari husema tu kwamba "gari halivuti." Tiba ni kuweka sharti la throto: ikifunguka zaidi ya asilimia 80, lengo liwe 0.87 bila kujali MAP inasema nini. Sharti la pili, zima marekebisho ya sensa ya oksijeni ukiwa kwenye mbio za mwisho, na hakikisha yale ya muda mrefu yako ndani ya asilimia 5. Kwenye Subaru nyingi, marekebisho ambayo kompyuta imejifunza kwenye eneo la hewa nyingi huendelea kutumika hata ukikanyaga mpaka mwisho, kwa hiyo asilimia 8 iliyojifunzwa kwenye mwendo wa kawaida itahamia kwenye mbio zako.

Safu za 90 na 100 hujazwa kwa kufikiri, kisha huthibitishwa Pwani. Throto ikiwa wazi kabisa, uwezo wa injini kujaza silinda hutegemea uwiano wa presha ya manifoldi na ya ekzosi, na uwiano huo ni karibu ule ule Nairobi na Mombasa. Kwa hiyo namba za VE ulizozipata kwenye 80 ndizo za kunakili kwenye 90 na 100. Usizipandishe kwa sababu hewa imeongezeka. Ongezeko hilo kompyuta tayari imelihesabu kupitia MAP. Kuzipandisha ni kosa ninaloliona sana, na matokeo yake ni gari linalotoa moshi mweusi kutoka Mariakani kushuka.

Taimingi ni kinyume: usinakili. Hewa ya Nairobi inakulinda usigonge, na kinga hiyo inaisha ukishuka. Mimi huondoa digrii 2 kwa kila kilopaskali 10 za ziada, kisha narudisha kwa kipimo nikiwa huko huko chini.

Halafu nozeli, zinazopuliza petroli kwenye injini. Chukua injini inayofika mizunguko 7,000, nozeli ikifunguka milisekunde 12. Zidisha 12 kwa 7,000, gawanya kwa 1,200: nozeli iko wazi asilimia 70 ya muda, hakuna wasiwasi. Lakini milisekunde 1 kati ya hizo ni muda wa nozeli kuamka, haitoi petroli. 11 zilizobaki, MAP ikitoka 80 kwenda 100, zinakuwa 13.75. Ongeza ile 1, unapata 14.75, nayo ni asilimia 86. Joto la Pwani litakurudishia kidogo, kama asilimia 3, kwa sababu hewa moto ni nyepesi. Bado umefika kwenye mpaka, maana juu ya 85 nozeli hukosa muda wa kufunga vizuri na mtiririko hautabiriki. Gari lililoonekana na nozeli za kutosha Nairobi linahitaji kubwa zaidi Mombasa, na hili ulijue kabla ya safari.

Kuna jambo dogo la presha ya nje. Kompyuta nyingi za bei nafuu hazina sensa ya pili. Husoma MAP unapowasha switchi na kuishika namba hiyo hadi uzime. Dereva akila Mtito Andei na kuwasha tena, bado yuko mita mia saba hivi juu ya bahari, na kompyuta itafika Mombasa ikiamini presha ni kilopaskali 93. Kama umetumia jedwali la marekebisho ya presha ya nje, zima na uwashe tena ukifika kabla ya kupima chochote.

Kwa magari ya tabo mambo ni yale yale kwa sura nyingine. Springi ya westigeti (mlango unaozuia presha ya tabo isizidi) hupima tofauti na hewa ya nje, kwa hiyo baa 1.0 ya geji ni kilopaskali 182 Nairobi na 201 Mombasa: hewa zaidi ya asilimia 10 huku sindano ya dashibodi ikikaa pale pale. Jaza safu hadi 220, na weka kikomo cha kukata mafuta kwenye 210. Magari mengi ya tabo yaliyoletwa kutoka Japani yalipangwa kwa petroli ya oktani karibu 100, hivyo taimingi ya kiwandani isichukuliwe kama msingi salama.

Ukifika chini, mbio ya kwanza iishie mizunguko 5,000. Soma lamda kwenye safu ya 100, ikipita 0.90 kwa injini isiyo na tabo, au 0.83 kwa yenye tabo, achia mguu papo hapo na upime presha ya reli kabla ya kugusa jedwali.