Trauti wa Gura hawana muda wa kuchagua

Naongoza wavuvi wa trauti, samaki wa maji baridi, kwenye mito ya Aberdare na Mlima Kenya. Swali ninaloulizwa kabla hata viatu havijalowa ni hili: leo tufunge nzi gani, yaani ndoano iliyovishwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu? Jibu langu halibadiliki: mdogo, mweusi au wa kahawia, yeyote uliye naye. Wengine hudhani nawapuuza. Siwapuuzi hata kidogo, ila swali hilo ni la mito mingine.

Kule Hampshire, Uingereza, mto kama Test hutiririka taratibu, maji maangavu na chakula tele. Trauti wa huko humfuata nzi bandia, akamkagua, akamwacha. Zipo nyakati aina moja ya mdudu huibuka kwa wingi na samaki hawataki kingine. Mvuvi wa Test ana sababu ya kubeba visanduku vilivyojaa.

Mto Gura, huku Aberdare, unaporomoka kutoka milimani kwa kasi, maji ya baridi kali, chakula haba. Mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa hapa na Ewart Grogan mwaka 1905, kutoka Loch Leven, Uskoti. Huku karibu na ikweta wadudu huibuka kidogo kidogo mwaka mzima, kwa hiyo samaki hula chochote kinachopita. Kitu kikimpita mbele ana nukta moja tu ya kuamua. Akisita, maji yameshakichukua. Kwa hiyo si rangi ya nzi inayomshtua, ni mwendo wake.

Hapa ndipo napenda mtu atulie na kutazama. Mto haukimbii kwa kasi moja: katikati maji yanakwenda mbio, nyuma ya jiwe yamelala. Ukirusha mshipi mrefu ukakatiza mkondo wa katikati, maji ya kasi huukunja kama upinde, nao unamvuta nzi. Tazama vizuri utaona anaacha mkwaruzo mdogo juu ya maji. Mdudu wa kweli haendi hivyo, na trauti anazama zake. Dawa yake ni kusogea karibu. Ufito wa mita mbili na kitu unatosha. Uinue juu, mshipi mzito ubaki hewani, uzi mwembamba wa mwisho tu ndio uguse maji. Hakuna haja ya kurusha kwa mbwembwe. Mara nyingi mita nne au tano zinatosha.

Lakini utasogeaje karibu bila kuonekana? Trauti hulala ameelekeza kichwa mkondo unakotoka, hivyo mwendee kutoka nyuma, ukipanda mto. Mwanga hupinda unapoingia majini, na samaki huona ulimwengu wa nje kupitia duara lililo juu yake. Vitu vilivyo chini karibu na usawa wa maji humfikia vimefifia na kubanwa. Basi chuchumaa. Piga goti nyuma ya jiwe. Mvuvi aliyepiga goti mita nne kutoka kwa samaki ananifurahisha kuliko aliyesimama wima akirusha mita ishirini.

Ukifika bwawani, pale mto unapopata kina na kupunguza mbio, kaa kwanza. Tafuta mstari ambapo maji ya mbio yanagusana na yaliyotulia, mara nyingi umewekwa alama na povu. Samaki yuko hapo, upande uliotulia, akingoja chakula kiletwe. Mpitishe nzi mara mbili au tatu. Asipopanda, ondoka bila kinyongo, nenda bwawa la juu.

Kukaa huko kuna faida nyingine: ndani ya hifadhi kuna nyati na tembo, ndiyo maana tunakwenda na askari mwenye silaha. Kelele za mto huzima sauti ya mnyama, kwa hiyo macho ndiyo yanayofanya kazi.

Kabla hujaanza, libane kwa koleo lile jino la ndoano linaloizuia kuchomoka. Lowesha mikono kabla ya kumshika samaki, kwa sababu mkono mkavu humtoa ute unaomkinga. Mshikilie akielekea mkondo mpaka atoke mwenyewe mikononi mwako.