Sangara Hawajahamia Uganda

Wiki iliyopita, mwaloni Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, tajiri mmoja mwenye mitumbwi mitano alinishika mkono akaniambia kwa uhakika kabisa: "Mtaalamu, sangara hawajapungua. Wamehama tu. Wako Uganda, watarudi." Maneno hayohayo nimeshayasikia Ukerewe, Kome na Igombe, na safari hii uvumilivu umeniishia. Watafiti wenzetu wa upande wa Uganda wanasema wavuvi wao nao wanadai sangara wamekimbilia Tanzania. Haiwezekani kila upande uwe umepoteza samaki wale wale waliokwenda kwa mwenzake.

Kuna sehemu ambayo wavuvi wana haki, nami naitaja kwanza. Samaki wanahama kweli. Kwenye miezi ya joto na mvua, maji ya juu yanapata joto na kulala juu ya maji baridi ya chini bila kuchanganyika. Chini oksijeni inaisha. Hali hiyo imezidi kadiri mbolea, majitaka na udongo wa mashambani unavyoingia ziwani, kwa sababu mwani unaongezeka, ukifa unazama, na kuoza kwake kunamaliza hewa. Sangara havumilii maji ya namna hiyo. Anapanda juu, au anasogea kwenye kina kifupi. Ikifika Juni na Julai pepo zinavuma, maji yanapoa, ziwa linachanganyika hadi chini, na sangara wanatawanyika tena.

Sasa hapa ndipo watu wanapopotea. Samaki wakibanwa kwenye tabaka jembamba la maji yenye hewa, wavu unawapata kirahisi. Mvuvi anajaza mtumbwi, anarudi akishangilia kwamba wamerudi. Hawakurudi kutoka popote. Wamebanwa mahali pamoja, na kundi dogo lililobanwa linaweza kukupa wiki mbili za neema kabla halijaonyesha udogo wake. Ndiyo maana mzigo wa mtumbwi mmoja, peke yake, haunionyeshi wingi wa samaki ziwani. Unanionyesha jinsi samaki walivyokutana na wavu siku hiyo.

Na wavu wenyewe haujabaki ule ule. Aliyekuwa akipiga kasia leo ana injini. Aliyekuwa na makila machache, yaani vipande vya nyavu, leo anayo mengi, tena ameyashona moja chini ya jingine yafike kilindini. Mtu huyo akileta kilo zile zile za zamani, anaona hali haijabadilika. Mimi naona ametumia nguvu nyingi zaidi kupata kitu kile kile, na hiyo kwangu ni habari mbaya.

Tunajuaje basi? Kwa kupima ziwa lote, nchi zote tatu: Tanzania, Uganda na Kenya. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 kazi hii inafanywa kwa mawimbi ya sauti: meli inakata mistari ziwani, chombo kinatuma sauti chini na kusikiliza inayorudi. Mpaka wa nchi hauizuii kazi hiyo. Samaki akivuka kwenda Uganda, tunamkuta Uganda. Kinachorudisha sauti zaidi katika mwili wa sangara ni bondo, yaani kibofu chake cha hewa, hilo hilo linalonunuliwa kwa bei kubwa kupelekwa China, kwa sababu ndani yake mna hewa.

Kipimo hicho kina matatizo yake, na sipendi yanavyofichwa kwenye mikutano. Mwangwi wa sangara mchanga na wa furu, samaki wadogo wa ziwa hili, unafanana, kwa hiyo lazima tushushe neti ya kukokota ili tuone waliopo. Samaki aliyejilaza karibu na tope anamezwa na mwangwi wa sakafu ya ziwa. Meli haiingii kwenye ghuba zenye kina kifupi, kwa hiyo sato tunamhesabu vibaya sana. Tarakimu ya mwaka mmoja siwezi kuiapia. Ninachokiamini ni mwelekeo wa miaka mingi iliyopimwa kwa njia ile ile.

Halafu kuna urefu. Ubao wa kupimia ni wa bei nafuu kuliko vifaa vyetu vyote, na ndio unaonipa jibu zito zaidi. Kama wangekuwa wamehama tu, pangekuwa na mahali fulani ziwani penye sangara wakubwa wengi kama zamani. Hakuna. Kwenye neti zetu za utafiti wengi wao hawafiki sentimita 50, iwe kwetu, Uganda au Kenya.

Kuhusu kokoro na timba, nyavu haramu, sitasema mengi. Anayevitumia anajua anachokifanya. Kipimo cha sangara wa kuvuliwa, sentimita 50 hadi 85, kilichokubaliwa kwenye ziwa hili ndicho kinachonisumbua. Wazo lake ni zuri: wadogo wakue, na majike makubwa yenye mamilioni ya mayai yabaki. Lakini dume hupevuka mapema kuliko jike. Jike wengi wakifika sentimita 50 bado hawajataga hata mara moja, na ndipo ruhusa ya kuwavua inapoanza.

Tena, watafiti wenyewe hatujaelewana. Wako wanaoshikilia kwamba rutuba ya maji na chakula, yaani furu, uduvi na dagaa, ndivyo vinavyoamua wingi wa sangara kuliko uvuvi. Wana hoja: sangara hutaga mayai mengi mno, na hula watoto wake mwenyewe, kwa hiyo wakubwa wakiongezeka wadogo hawaongezeki kwa kiasi kile kile. Mimi naamini uvuvi ndio mzigo mkubwa. Hata hivyo, kuna miaka matokeo yananitikisa, nikarudia hesabu tangu mwanzo.

Yule tajiri wa Kirumba ana daftari la petroli, la miaka mingi. Nilimwomba anifungulie. Tulikaa juu ya kreti tukilisoma pamoja: lita kwa kila safari zilikuwa zimepanda mwaka hadi mwaka, kilo za sangara zilikuwa karibu zile zile. Alinyamaza muda mrefu. Nilimwomba aongeze safu moja, urefu wa sangara mkubwa kuliko wote wa siku hiyo. Jana ameniandikia wa kwanza: sentimita 61.