Haki za kila mtu, haki za raia: maelezo kwa watu wa mwaloni, ufukweni samaki wanaposhushwa

Mimi ni wakili, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutoa msaada wa kisheria kwa watu wa Ilemela, Sengerema na visiwa vya Ukerewe, mkoani Mwanza kwenye Ziwa Victoria. Swali ninaloletewa mara nyingi huanza hivi: "Wakili, huyu si raia, ana haki gani hapa?" Muulizaji anaweza kuwa tajiri wa mitumbwi asiyetaka kumlipa kibarua, au ndugu wa marehemu wanaotaka kumfukuza mjane aliyetoka ng'ambo ya ziwa. Huwa nalijibu kwa kirefu, maana jibu la mkato huumiza watu.

Haki na wajibu zimo kwenye Katiba yetu ya Tanzania ya 1977, ibara ya 12 hadi 29, sehemu iliyoongezwa mwaka 1984. Haki nyingi humo zimetolewa kwa kila mtu, bila kuuliza katoka wapi. Haki ya kuwa hai, kuabudu, kumiliki mali, kulipwa ujira unaolingana na kazi, kusikilizwa kwa haki mahakamani: mgeni anazo kama mwenyeji. Ibara ya 13 inapiga marufuku kumtesa au kumdhalilisha mtu yeyote. Kwa hiyo kibarua aliyevuta nyavu usiku kucha anadai ujira wake hata kama kazaliwa Burundi au Uganda. Kama hana kibali, kosa la uhamiaji lina sheria yake na maofisa wake, wala halimpi tajiri ruhusa ya kula jasho la mwenzake.

Haki za raia peke yake ni chache, lakini ni nzito. Kupiga kura kuanzia miaka 18 na kushiriki katika uongozi wa nchi. Kuishi popote ndani ya Jamhuri ya Muungano, kutoka na kurudi, na kutofukuzwa nchini. Halafu kuna ardhi: asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Hapo ndipo neno "si raia" linapogeuka silaha, kwa sababu anayetupiwa analazimika kuthibitisha, na huku kwetu wengi hawana cha kuonyesha.

Sheria ya Uraia ya 1995 inatambua uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi. Wa tajnisi unaombwa, na masharti yake ni pamoja na ukaazi wa miaka mingi, tabia njema na kujua Kiswahili au Kiingereza. Huo Waziri anaweza kuufuta kwa sababu zilizotajwa kwenye sheria. Raia wa kuzaliwa hafutiwi uraia, ila anaweza kuupoteza mwenyewe. Jambo hili nalisisitiza sana kwa familia zenye ndugu Kisumu au Homa Bay: Kenya na Uganda zinaruhusu uraia pacha, sisi haturuhusu kwa mtu mzima. Mtanzania aliyetimiza miaka 18 akachukua kwa hiari yake uraia wa Kenya ili apate kazi, wa kwetu umemtoka.

Sasa vielelezo. Watu wengi hunionyesha kadi ya mpiga kura au kitambulisho cha NIDA, Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, wakiamini kesi imekwisha. Kadi ya mpiga kura peke yake haimalizi ubishi, na NIDA husajili pia wageni wakaazi na wakimbizi, kila mmoja kwa aina yake ya kitambulisho. Ofisa Uhamiaji akiwa na shaka atauliza wazazi wako walizaliwa wapi, na babu zako pia. Ndiyo maana cheti cha kuzaliwa ni mali. Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Baada ya hapo unaingia kwenye usajili uliochelewa: kadi ya kliniki, cheti cha shule, viapo. Na huku Usukumani majina ndiyo yanayotusumbua kuliko yote. Mtoto ana jina la nyumbani kliniki, la ubatizo shuleni, na la babu limeandikwa kwa herufi tofauti kila ofisi. Mzazi, chagua majina, yaandike namna moja kila mahali tangu siku ya kwanza. Inaniuma kuona kijana mwenye akili zake akikwama mkopo wa chuo kwa sababu ya herufi moja.

Wajibu nao sehemu kubwa ni wa kila mtu: kufanya kazi halali, kutii sheria, kulinda mali ya umma na maliasili. Kulinda uhuru na ardhi ya taifa kumewekwa kwa raia. Ibara ya 27, inayohusu maliasili, kwetu ina sura ya ziwa. Sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, kokoro, yaani wavu wa kukokotwa hadi ufukweni, ni haramu, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Nawatetea wavuvi wanaponyang'anywa nyavu bila utaratibu, na nitaendelea. Lakini anayemwaga sumu majini anaiba chakula cha jirani yake, na hilo namwambia hata akiwa mteja wangu.

Ibara ya 26 inampa kila mtu pia haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba. Hatua iliyo karibu zaidi haihitaji wakili. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, na unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Kama kijijini kwako haujaitishwa, andikeni barua kwa mwenyekiti, nakala kwa mtendaji wa kata, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ukiitishwa, ombeni taarifa ya mapato na matumizi isomwe mbele ya watu, pamoja na makusanyo ya mwaloni kama kijiji kina sehemu yake.